Abeli Akadakie Wapi

"Abeli anakwenda Kanada," alisema Kassian huku akichokonoa mfupa wa mbuzi. "Tumeshamalizana na wakala. Mwezi wa nane anaripoti."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Edina alikuwa ameshainua kijiko. Akakirudisha kwenye sahani.

"Mmemalizana. Nani na nani?"

"Mimi, wakala na mtoto."

Edina alimgeukia mtoto. Abeli, kijana wa miaka kumi na minane anayeinama akipita mlangoni, alikuwa akikata chapati vipande vidogo vidogo asivyovila. Hakuinua macho. Mgahawa wa Ndinda ulikuwa umejaa kama kawaida ya Jumapili mtaa wa Dengfeng, jijini Guangzhou: Wakenya meza ya dirishani wakibishana juu ya bei ya simu, Wakongo wakicheka kwa Kifaransa, mlio wa mafuta ya kukaangia toka jikoni.

"Na mimi mlikuwa mniambie lini? Akishavaa koti?"

"Si ndiyo nakwambia, mama Abeli."

"Unanitangazia, Kassian. Kuambiwa na kutangaziwa ni vitu viwili."

Edina alipomwita Kassian kwa jina lake, Abeli aliacha kukata chapati. Mama yake humwita baba yake "baba Abeli" hata kwenye ugomvi. Jina tupu lilikuwa halijasikika tangu siku mama alipoondoka Uswidi.

Walikuwa wameishi huko pamoja, katika mji mdogo wa viwanda. Kassian, mtu wa Mbinga, alikwenda kusoma akabaki, na Edina akamfuata kutoka Makambako akiwa na mimba. Wote wawili walifanya kazi ya kuwatunza wazee, mmoja zamu ya mchana na mwingine ya usiku, mpaka ndoa yao ikawa ni ya kuachiana maagizo jikoni. Abeli alipofika miaka kumi na mmoja, Edina alisema basi. Akaja Guangzhou kumfuata binamu yake, akaanza kununua nguo za watoto kwenye masoko ya jumla ya Liuhua na kuzisafirisha Kariakoo. Alitaka kumchukua mtoto. Mtoto akakataa, kwa sababu barafu ilikuwa kule.

Mchezo wenyewe, hoki ya barafu, ukiuelezea Makambako, watadhani umelewa. Watu wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu, wanapiga kwa magongo kidude cheusi cha mpira mgumu kiitwacho paki, na golini anasimama mtu mmoja aliyefungwa mapedi miguuni na wavu wa chuma usoni. Abeli aliwekwa golini akiwa na miaka sita kwa kuwa alikuwa hajui kuteleza vizuri. Hakutoka tena. Na mwezi wa sita uliopita timu kubwa ya Marekani ilimteua katika uchaguzi wao wa vijana wa dunia nzima. Maana yake si kwamba anakwenda kucheza kesho. Maana yake wamemwekea mkono begani: huyu ni wetu, akiiva tutamchukua. Na kipa wa hoki huchelewa kuiva, pengine mpaka miaka ishirini na mitatu, ishirini na minne. Swali likawa moja tu: akaivie wapi?

"Kanada ndiko wanakotazamwa," Kassian alisema, sasa amesahau mfupa. "Ligi ya vijana ya kule mechi ni nyingi. Uwanja ni mwembamba kama wa Marekani, paki inakufikia kabla hujavuta pumzi. Akizoea kule amezoea kila kitu. Anakaa kwa familia ya wenyeji, wanampikia, wanampeleka mazoezini. Wewe unataka abaki Uswidi asugue benchi?"

"Nataka aulizwe! Nataka niulizwe!"

"Wewe." Kassian alifuta vidole polepole. "Saa kumi na moja za alfajiri, theluji hapa," akajigusa gotini, "nani alikuwa anaendesha gari kwenda mazoezini? Alipovunjika kidole, wewe ulikuwa wapi?"

Wakenya wa dirishani waligeuka. Ndinda, aliyekuwa akija na chai, aligeuza njia na birika lake.

Edina aliisukuma sahani yake mbali. Aliinuka, akauchukua mkoba wake. "Nilikuwa kazini," alisema. "Viatu alivyokuwa akitelezea viliota mguuni kwake?" Akashuka ngazi kwa kishindo, akapita katikati ya vibanda vya simu na wabadilisha fedha bila kuitikia salamu ya mtu.

Ukweli ni kwamba Edina alikuwa na mpango wake, na hakuwa amemwambia Kassian wala Abeli. Yeye ndiye aliyemleta Abeli Guangzhou kiangazi kile, na Kassian akaja kumsindikiza. Kulikuwa na uwanja wa barafu ndani ya jumba moja kubwa la maduka, na mwenye kuuendesha, laoban Liang, alikuwa dada wa mwanamke anayemuuzia Edina zipu na vifungo. Kwa wachuuzi wa pale bosi yeyote ni laoban, awe mwanamume au mwanamke. Laoban Liang alitaka kipa kijana kutoka Ulaya aje awafundishe watoto kwa wiki mbili, na Edina akamtaja mwanawe. Lakini wanawake wale wawili hawakuishia kwenye wiki mbili. Walizungumza juu ya mwaka mzima: Abeli adakie timu ya wakubwa ya uwanja ule, afundishe watoto, apewe chumba. Edina alikuwa amekwenda kukitazama chumba. Alikuwa amekwisha kuchagua rangi ya ukuta.

Hakuuona kuwa ni ubinafsi. Aliuona kuwa ni haki yake iliyochelewa.

Kesho yake alikwenda uwanjani akiwa bado na hasira. Ndani kulikuwa na baridi ya jokofu, na nje ya kioo watu walikuwa wakipita na aiskrimu. Kassian alikuwa ameshafika, amekaa juu kabisa. Edina alikaa chini kabisa.

Watoto walipomaliza zamu yao, timu ya wakubwa iliingia kumpima Abeli. Edina hakuwa amemwona akidaka ana kwa ana kwa miaka mingi. Alikuwa akimwona kwenye simu tu, mdogo kama sisimizi. Sasa alikuwa mita chache mbele yake. Paki ilikuja ikilia. Abeli aliporomoka kwa magoti, miguu ikafunguka kushoto na kulia, ikafunga chini kote. Paki ikagonga pedi kwa mlio wa kofi, na kabla Edina hajapumua alikuwa amesimama tena. Wakapiga juu, akainyaka kwa glovu kama anayechuma tunda. Wakaja wawili kwa mmoja. Hakuhangaika, alijisogeza tu hatua ndogo, na mpigaji akakuta goli limepotea. Edina alijikuta amesimama, ngumi zimekazana.

Lakini kadiri muda ulivyokwenda aliona jambo jingine, na kila mtu aliyekuwa pale aliliona. Wale wapigaji walikuwa wanajichezea tu. Walikuwa wahasibu na walimu waliopenda hoki baada ya kazi, watu wazuri, wanacheka wakianguka. Abeli aliwadaka akiwa amechoka kwa kutochoka. Edina aliliona, akalisukuma pembeni.

Baadaye walikutana watatu kwenye meza ya plastiki karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Abeli alikuwa na taulo shingoni na gongo lake mkononi. Alimwamkia mama yake, Edina akaitikia, na kwa dakika chache ilielekea kama wangeweza kuzungumza.

"Ile timu ya Marekani inasemaje yenyewe?" Edina aliuliza. "Nawauliza hao wenye mali. Wakala wenu simuulizi."

"Kocha wao wa makipa alinipigia," Abeli alisema. "Alisema popote, mama. Bora nicheze mechi nyingi, ngumu, na niwe na mtu wa kunifundisha. Alisema nichague mwenyewe."

"Na mechi nyingi ziko Kanada," Kassian akadakia. "Mji wenyewe mzuri, umetulia. Nyumba tumeshaonyeshwa kwenye picha. Vyumba viwili, kanisa liko mtaa wa pili."

Edina alimtazama.

"Vyumba viwili vya nani?"

"Vya... si vya kuishi."

"Jana ulisema wachezaji wanakaa kwa familia za wenyeji. Wanapikiwa. Leo kuna nyumba ya vyumba viwili. Anayekaa chumba cha pili ni nani, baba Abeli?"

Kassian alikohoa. Alishika kofia yake, akaiweka tena. Mwishowe alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wakala amemtafutia nafasi kule. Kazi kwenye jengo la uwanja wa timu. Na kwamba amechoka, Edina anajua alivyochoka. Miaka yote ile anawageuza wazee vitandani, mgongo umekwisha, hana rafiki mji ule zaidi ya mtoto, na mtoto akiondoka atabaki na nini?

Kama angeyasema hayo mahali pengine, kwa namna nyingine, pengine Edina angemhurumia. Lakini hasira ilikuwa imempanda kichwani.

"Kwa hiyo unamuuza!" Sauti yake iligonga kioo ikarudi. "Unampeleka mtoto upande wa pili wa dunia ili wewe upate kibarua! Jana ukanisimanga mbele za watu, ulikuwa wapi, ulikuwa wapi, kumbe una tiketi mfukoni! Wewe ni baba au ni dalali?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwongo mkubwa!"

Kelele zile ndizo zilizomtoa laoban Liang ofisini. Alikuwa mwanamke mwepesi, mcheshi, na kwa kuwa aliona nyuso zimekunjamana alidhani tatizo analijua na dawa anayo. Akamshika Abeli mkono kwa furaha. "Usiwe na wasiwasi," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, ambacho wote watatu walikielewa vizuri kabisa. "Chumba tayari. Rangi tayari, bluu. Mama yako amechagua mwenyewe. Mwaka mzima, kipa wetu!"

Laoban Liang akawatazama mmoja mmoja, tabasamu likaanza kumpungua.

Kassian ndiye aliyecheka, kicheko kikavu. "Dalali," alisema. "Eti dalali."

"Mimi nilikuwa nataka..." Edina alianza.

Gongo la Abeli liligonga ukingo wa meza. Mara ya kwanza halikuvunjika. Mara ya pili lilipasuka, kipande kikaruka mpaka chini ya benchi, na watoto waliokuwa wakifungua viatu wakaganda. Kijana huyu hakuwa mtu wa kelele; walimu wake wote walimsifu kwa utulivu. Sasa alikitupa mezani kipande kilichobaki mkononi.

"Mnanipakia kama kontena pale Huangpu," alisema. "Kila mtu anataka niteremshwe bandarini kwake. Baba anataka mwenzake wa nyumbani. Mama anataka kulipwa miaka aliyoondoka. Kudaka je? Kuna hata mmoja hapa anayefikiria kudaka?"

"Abeli, mwanangu..."

"Hapa, mama? Hapa? Umewaona? Nikikaa hapa mwaka mmoja wale Wamarekani watasahau hata jina langu!" Akamgeukia baba yake. "Na wewe ulinihesabu kwenye 'mimi, wakala na mtoto'. Mimi nilikubali lini? Nilinyamaza. Nyumbani kwako nimezoea kunyamaza, kwa kuwa nikisema unaumwa mgongo."

Kisha akawaambia. Kulikuwa na mji kaskazini mwa Uswidi, mbali, karibu na kule jua linakogoma kuchomoza wakati wa baridi. Timu ya pale ilikuwa ligi ya daraja la pili, ya wanaume, watu wenye ndevu na meno pungufu. Kipa wao mkongwe alikuwa na goti bovu, asingemaliza msimu. Klabu yake ilikuwa tayari kumtoa kwa mkopo. Kulikuwa na kocha wa makipa pale, mzee mkali aliyemwambia kwenye simu kwamba anainuka vibaya, kwamba mguu wa kushoto anautegemea mno, na kwamba atamfundisha upya kuanzia namna ya kusimama. Abeli alikuwa ameshampa neno lake. Tangu wiki iliyopita.

"Huko?" alisema Kassian.

"Kuna nini huko?" alisema Edina papo hapo.

"Giza tu!"

"Atakula nini? Atakaa na nani? Watu wazima watamvunja mbavu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba wanakubaliana juu ya kitu, na wote wawili walikuwa wakimfokea mtoto. Abeli aliwasikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akaliburuta begi lake la mapedi, kubwa kama jeneza, akatoka.

Siku zilizobaki za kufundisha alizimaliza, kwa kuwa alikuwa ameahidi watoto. Lakini hakuzungumza na mzazi yeyote. Edina alikuja kila mchana na chakula kutoka kwa Ndinda. Abeli alipokea, akasema asante, akaenda kukila upande wa pili wa uwanja. Mama yake alimtazama akitafuna kule ng'ambo, nyuma ya migongo ya watu, na hasira yake haikupungua, ila ilianza kukosa pa kukaa. Ikimtua Kassian, inakumbuka chumba cha bluu. Ikimtua Abeli, inasikia gongo likipasuka. Basi ikabaki kumtafuna mwenyewe.

Kwa laoban Liang ilibidi aende peke yake. Alimkuta ofisini, akamwambia kwamba haitawezekana. Mwanamke yule hakuwa mcheshi siku hiyo. Alikuwa ameshawatangazia wazazi wa watoto. Picha ya Abeli ilikuwa ukutani. "Bu xing!" alipiga meza. "Bu xing!" Neno hilo Edina alilijua vizuri, haiwezekani, hulisikia kila siku Liuhua akitaka kupunguziwa. Akasimama pale akaoshwa kwa Kichina na kwa Kiingereza, mbele ya makarani wawili, na hakujitetea. Alipotoka, cha ajabu alijisikia nafuu kidogo. Angalau lile la kwake alikuwa amelifuta mwenyewe.

Kassian aliondoka mapema, bila kuaga.

Abeli alipokuwa anasafiri, Edina alimsindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa amepanga maneno matamu, ya mama, ya baraka. Walipofika kwenye ukaguzi alijikuta anasema, "Sijakubali. Nataka ujue sijakubali. Kule si mahali pa mtoto."

"Najua, mama."

"Na nimekasirika."

"Na mimi nimekasirika," alisema Abeli. Akainama, akamkumbatia kwa nguvu, kidevu chake juu ya utosi wa mama yake. Wakabaki hivyo, wote wawili wamenuna, mpaka mtu wa nyuma akawasukuma.

Mambo hayakwenda kama kwenye hadithi za kubembelezea. Mechi ya kwanza Abeli alifungwa sita. Ya pili hakupangwa. Mwezi wa kumi na moja alimwandikia mama yake neno moja tu, "Giza," na Edina akaiweka simu kifuani. Kazi ya Kassian ya Kanada iliyeyuka. Wakala bila kipa hakuwa na haja na baba wa kipa. Mzee mkali alimfundisha Abeli kuinuka kwa mguu wa kulia kama mtoto anayejifunza kutambaa, na majira yale ya baridi akafungwa magoli ambayo miaka ya nyuma asingefungwa. Kama alichagua vizuri au vibaya, hakuna aliyejua. Wamarekani walisema wanasubiri.

Kisha goti la yule mkongwe likakubali kushindwa, na Abeli akaanza kusimama golini kila mechi.

Edina alikuwa akitazama marudio asubuhi, kwenye simu, katikati ya marobota ya nguo pale Liuhua. Siku moja, mwezi wa pili, timu ya Abeli ilikuwa inaongoza moja bila. Dakika za mwisho wapinzani walimzingira. Alidaka moja, akadaka ya pili akiwa amelala, akadaka ya tatu kwa kiatu. Na beki wake mwenyewe, jitu lenye ndevu nyekundu, badala ya kuiondoa paki aliisimamia kama mtalii. Ya nne ikaingia.

"We mpumbavu!" Edina alipiga kelele. "Ondoa! Ondoa hicho kidude! Mtoto amelala chini, wewe umesimama unatazama nini?" Wauzaji wa pande zote waligeuka. Muuza soksi wa jirani akauliza kwa ishara kama ameibiwa.

Edina alikuwa ameshapiga namba ambayo hakuwa ameipiga tangu kiangazi, bila hata kufikiri kwamba kule Uswidi kulikuwa bado hakujakucha. Ikaita mara moja tu.

"Umemwona yule beki?" alisema, bila salamu.

"Nimemwona!" Kassian alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala kwa ghadhabu. "Nimemwona, mama Abeli! Yule si mtu, yule ni kabati!"

"Wamtoe!"

"Wamtoe leo hii!"

Wakaendelea hivyo, wakipokezana, kila mmoja akimwongezea beki yule tusi lake, huku robota la nguo za watoto likimsubiri Edina miguuni na mwenye duka akimuuliza kwa mara ya tatu kama anachukua au hachukui.